Kicheko Kilichobaki Studio

Kicheko kilitoka nyuma ya mlango wa studio. Kilikuwa kicheko cha mwanamke, kirefu, cha kujiachia, cha mtu anayechekeshwa na mtu anayempenda. Chiriku alisimama pale kwenye korido, mkono mmoja umeshika kitasa.

Kumbe ni kweli. Wifi yake hakuzusha.

Kabla hajaufungua mlango huo, tumtendee haki kwanza. Chiriku hakuwa mtu wa kufumania watu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro kidogo, fundi wa mapazia, miwani ya kusomea inaning'inia shingoni, watoto wake wawili wameshaota mbawa na kuruka. Jina la Chiriku alipewa na mumewe enzi za uchumba kwa sababu ya kicheko chake, likamganda hata wateja wakasahau kama ana jina jingine. Mumewe naye alijulikana kama Fundi Sauti. Ndiye aliyeshughulikia sauti zote za mchezo wa runinga uitwao Kitanda Kimoja, Mablanketi Mawili, ule wa wanandoa wa makamo wanaonuniana asubuhi, wanaogombana mchana na kurudiana kabla ya taarifa ya habari. Mchezo wa kuchekesha, lakini ukiutazama sana unaweza kulia. Basi walikuwa mafundi wawili katika nyumba moja, na nyumba yenyewe ikawashinda kuitengeneza.

Wiki iliyopita Chiriku alifunga begi akahamia kwa kaka yake.

"Amekupiga?" kaka aliuliza siku ile, hata begi halijatua chini.

"Hapana."

"Amekutukana? Amekunyima?"

"Hapana, kaka. Hanisikii."

"Hakusikii vipi wakati kazi yake ni kusikia?"

Jibu lenyewe Chiriku alikuwa amelificha chini ya kwapa la kushoto, limefunikwa plasta. Alikuwa amegusa uvimbe mahali hapo akioga. Alikaa nao moyoni siku kadhaa, kisha jioni moja mezani akajikaza akamwambia mumewe yote: kwamba ameona uvimbe, kwamba kesho anakwenda hospitali, kwamba anaogopa. Fundi Sauti alikuwa na hedifoni shingoni na macho yake yalikuwa mbali. Akasema, "Mm." Kisha akaomba chumvi.

Chiriku akampa chumvi. Kesho yake alikwenda hospitali peke yake, wakamkata kinyama kidogo ili wakakipime, wakamwambia lini arudi kuchukua majibu. Kuanzia pale mlangoni pa studio, siku yenyewe ilikuwa kesho. Hakumwambia kaka wala wifi, kwa sababu aliona kama mume hakulisikia jambo lile, nani mwingine atalisikia?

Halafu ndipo wifi akapita studio kumsalimia shemeji yake, akarudi nyumbani ameshika kiuno. "Wifi, mimi si mbeya, unanijua. Lakini mle ndani kuna mwanamke. Nimemsikia anacheka. Nikagonga, kicheko kikakatika ghafla, shemeji akatoka kwenye korido na mlango akaufunga nyuma yake."

Kaka mtu akaamua kumaliza maneno. Alimpakia dada yake kwenye gari, akaegesha nje ya jengo, akasema, "Nenda ukaone kwa macho yako. Kama yupo mwanamke, nitakuwa wa kwanza kusimama upande wako. Kama hayupo, unarudi kwako leo hii. Habari za masikio sitaki kuzisikia tena."

Na sasa mwanamke yupo, anacheka. Chiriku alivuta pumzi, akausukuma mlango.

"Yuko wapi?"

Fundi Sauti aliruka kitini hadi hedifoni ikamchomoka kichwani. "Chiriku!" Uso wake wote ulichanua. "Umerudi!"

"Nimekuuliza, yuko wapi?"

"Nani?"

"Anayecheka. Usinifanye mtoto, nimesimama hapo mlangoni nimemsikia."

Hakungoja jibu. Aliinama akachungulia chini ya meza, akaona nyaya tu na viatu vya mumewe. Akageukia mapazia. Mapazia yale aliyashona mwenyewe miaka hiyo, mazito, yenye bitana mbili na marinda ya kubanana ili yameze mwangwi, yakizunguka chumba chote. Aliyavuta moja baada ya jingine, chwaa, chwaa, na nyuma ya kila moja kulikuwa na ukuta. Kwenye la mwisho aliona pindo limefumuka, na katikati ya hasira zake zote akaudhika pia na lile pindo.

Fundi Sauti alikuwa akimtazama. Shati lake alilifunga vifungo vibaya, upande mmoja wa kola umepanda, mwingine umeshuka, na ndevu zimemwota ovyo. Macho yao yalipokutana, mkono wa Chiriku ulitaka kwenda wenyewe ukairekebishe ile kola, kama ulivyozoea kila asubuhi. Aliurudisha kwa nguvu.

"Kaa basi," mumewe alisema kwa upole.

"Sikai."

Aligusa kitufe. Kicheko kikajaa chumba kizima, kilekile cha mlangoni, kikapanda, kikavunjika katikati, kikaanza upya.

"Ni wewe," alisema.

"Mimi sicheki hivyo."

"Ulikuwa unacheka hivyo."

Chiriku alishika mgongo wa kiti.

"Siku tuliyotundika haya mapazia," Fundi Sauti aliendelea, sasa maneno yakimtoka mbiombio. "Mimi niko juu ya ngazi, wewe chini unanipa kulabu, bomba la pazia likang'oka. Nikaanguka nalo. Pazia likanizonga kuanzia kichwani mpaka miguuni, nikawa kama bibi harusi. Unakumbuka? Ukacheka mpaka ukakaa chini. Kinasa sauti nilikuwa nimekiwasha nijaribu mwangwi wa chumba."

Alikumbuka. Alikumbuka hata vumbi la lile pazia, na jinsi alivyomfunua uso akambusu palepale sakafuni, kulabu zikiwachoma mgongoni.

"Mchezo ulipoanza, watu tuliowaalika waje kucheka walikuwa wanacheka kama wamelazimishwa kukohoa. Nikakiweka chako kwa siri. Mtayarishaji akasema hichohicho, asikiguse mtu. Tangu hapo, Chiriku. Watu wanakaa majumbani mwao wanacheka wakikufuata wewe."

Miaka yote hiyo Chiriku hakukitambua. Saa za mchezo yeye huwa kwenye cherehani, inanguruma, runinga inasikika kwa mbali tu. Na hata angekisikia vizuri angekitambuaje? Kisogo chako hukioni, na kicheko chako hukijui.

Mwanamke mwingine hapo angeketi, akajipiga paji la uso, akacheka yakaisha. Mumewe si mzinzi. Mumewe ni mtu aliyetunza kicheko cha mkewe kama pete ya ndoa. Wapo wanawake wangeuza cherehani wapate mume wa namna hiyo. Lakini Chiriku aliona baridi inampanda kutoka miguuni.

"Unamsikiliza kila siku?"

"Kila siku," alijibu Fundi Sauti kwa fahari, maskini. "Asubuhi nikifika, kabla ya kazi, nakifungulia kidogo. Nikiwa na mawazo, nakisikiliza, naona mambo yangu ya nyumbani yako sawa. Jioni nikirudi nakuwa nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

"Wewe."

Alidhani amesema neno tamu.

"Umeshiba mimi. Unakuja nyumbani umeshiba mimi, unavua viatu, unakula, unalala. Na mimi niliyekaa nakungoja kutwa nzima, nilikuwa nashiba nini?"

"Chiriku..."

"Mara ya mwisho kunisikia nacheka ndani ya nyumba yetu ni lini?"

Fundi Sauti alifungua mdomo. Huyu ni mtu anayeweza kukwambia friji ya jirani inakaribia kuharibika kwa kuisikia ukutani. Anasikia mbu kwenye chumba cha waigizaji akasimamisha kazi ya watu wote. Alitafuta, akatafuta, macho yakizunguka kwenye mitambo yake kana kwamba jibu lingewaka mahali. Hakupata kitu.

"Ningemkuta mwanamke humu ingekuwa afadhali," Chiriku alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka bila aibu. "Mwanamke ningemshika nywele. Nitamshikaje huyu? Ni kijana. Hanuni, haumwi, haombi kitu. Ukimbonyeza, anacheka. Nitashindana naye kwa lipi?"

"Lakini ni wewe huyohuyo!"

"Siyo mimi! Mimi niko hapa! Nitazame!"

Alimtazama. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimtazama kweli, na akaona mifupa ya shingo iliyojitokeza, na weusi chini ya macho, na jinsi alivyoubana mkono wa kushoto ubavuni. Hofu ikamwingia bila kujua inatoka wapi.

"Una nini, mke wangu?"

Laiti angeliuliza swali hilo siku ya chumvi. Chiriku alifuta uso kwa kiganja.

"Jioni moja kabla sijaondoka, nilikwambia jambo mezani. Niambie ni jambo gani, nami nampigia kaka simu sasa hivi aondoke zake, narudi na wewe nyumbani."

"Mezani..."

"Uliomba chumvi."

"Chumvi nakumbuka," alisema haraka, kama mwanafunzi aliyepata nusu ya jibu. "Ulisema... ilikuwa kuhusu mtoto? Bomba la jikoni?"

Chiriku alitikisa kichwa polepole.

"Nikumbushe, basi. Nakuomba. Nipe hata neno la kwanza."

"Nilikupa la kwanza mpaka la mwisho. Jambo lile lilinitesa siku nyingi ndipo nikaliweka mdomoni. Silirudii, Fundi. Ukilikumbuka, unajua nilipo. Ukishindwa, baki naye huyo."

Nje honi ilipigwa. Chiriku aligeuka, na mumewe akamrukia, akamdaka mkono, wa kushoto, akauvuta kwake. Chiriku alitoa ukelele mfupi wa maumivu. Fundi Sauti akamwachia kama aliyeshika pasi ya moto.

"Nimekuumiza? Nimekushika vibaya?"

"Siyo wewe," alisema, ameukumbatia mkono wake. "Malizia kazi yako. Watu wanasubiri kucheka."

*

Kaka alikuwa ameshawasha injini.

"Enhe. Mwanamke yupo?"

"Yupo."

"Mshenzi huyu! Ni nani?"

"Mimi."

Kaka alizima injini, akamgeukia. Chiriku akamweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa kaka mtu ulivyozidi kulegea, hadi mwisho akapiga usukani kwa kiganja akicheka.

"Mdogo wangu, una wivu na wewe mwenyewe? Watu wakisikia hili watatuweka kwenye huo mchezo wao! Basi yamekwisha. Twende tukachukue begi."

"Sirudi."

Kicheko kilimkauka. "Tulisemaje hapa?"

"Tulisema kama hayupo. Mimi nimemkuta."

"Sikiliza. Mama yetu aliishi na baba yetu, mzee asiyejua hata kusema asante, hadi wakazikana. Ndoa ni kuvumiliana. Umri huu unamwacha mume asiyekunywa, asiyezurura, eti kwa sababu anapenda kicheko chako? Nitawaambia nini wakwe? Nimekaa mbele yao mara ngapi nikikusifu?"

"Waambie nimechoka."

"Kila mtu amechoka!"

Chiriku aliegemeza kichwa kwenye kioo cha gari. Angeweza kusema neno moja tu, uvimbe, na ugomvi wote ungeisha, kaka angelia hapohapo barabarani. Lakini hakutaka kurudishwa kwa huruma. Alitaka mtu mmoja tu duniani akumbuke. Mtu huyo alikuwa amekumbuka chumvi.

*

Jioni ile sebule ya kaka ilikuwa kama sebule zote za saa hizo. Wifi kakunja miguu kwenye kochi na kikombe cha chai, kaka kashika rimoti, na wimbo wa Kitanda Kimoja, Mablanketi Mawili unaanza. Wifi alikuwa ameshaomba radhi mara tatu kwa umbeya wake, na kila mara akimalizia, "Lakini wifi, kumbe wewe ni nyota!"

"Zimeni, jamani," alisema Chiriku.

"Acha tukusikie," kaka alijibu. "Pengine ukijisikia mwenyewe roho italainika."

Kwenye skrini walikuwa wale wawili ambao watu huwapenda kuliko wote, mzee anayesoma gazeti na mkewe mwenye birika. Kila kipindi ni yaleyale. Mke anasimulia, mzee yuko nyuma ya gazeti anaitikia "Mm," na kicheko kinapasuka.

"Mume wangu," alisema yule wa kwenye skrini, "kuna kitu nataka kukwambia."

"Mm," likajibu gazeti.

Kaka alicheka, "Ha!" Kisha akanyamaza, kwa sababu alicheka peke yake.

Hakukuwa na kicheko. Pale kilipozoea kuingia palikuwa na ukimya, na ndani ya ukimya huo mlisikika mambo ambayo hawakuwahi kuyasikia. Kijiko kilichogusa kikombe. Karatasi ya gazeti ikigeuzwa. Pumzi za yule mke akingoja.

"Imeharibika?" wifi aliuliza. Kaka akaongeza sauti. Pumzi zikasikika zaidi.

"Ni kitu kikubwa," alisema yule mke.

"Mm."

Ukimya tena. Yule mke alisimama na birika lake, akitazama gazeti, na miaka yote hiyo watu hawakuwahi kumwona usoni kwa sababu walikuwa wanacheka.

"Mbona leo haichekeshi?" kaka aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haijawahi kuchekesha," wifi alisema. Alikuwa ameweka kikombe chini. "Tulikuwa tunamfuata tu yule anayecheka." Halafu, bila kumtazama mumewe, akaongeza, "Hata wewe huwa unanijibu hivyo."

Kaka mtu alimgeukia dada yake, na rimoti ilikuwa imemlegea mkononi.

"Mdogo wangu. Ndivyo mlivyokuwa mnaishi?"

"Ndivyo hivyo, kaka."

Simu ya Chiriku ikaanza kuita mapajani mwake. Jina lililoonekana ni Fundi. Ikaita hadi ikakatika. Ikaita tena. Wifi akanong'ona, "Pokea," na Chiriku akapokea.

Upande wa pili alisikia hatua za mtu anayetembea haraka, na magari, na pumzi.

"Uvimbe," alisema Fundi Sauti.

Chiriku alifumba macho.

"Nilikitoa kicheko kwenye kipindi cha leo nisikie kilikuwa kinafunika nini," sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Nikamsikia yule mama anangoja. Nikakusikia wewe. Ulisema uvimbe, chini ya kwapa. Ulisema kesho yake unakwenda hospitali. Na leo nimekushika mkono uleule, Chiriku, nikauvuta."

"Malizia. Kuna neno moja umeliacha."

"Nalijua." Hatua zilisimama. Alikuwa analia, na hakujaribu kuficha. "Hospitali walisemaje?"

"Majibu ni kesho."

Wifi alijiziba mdomo. Kaka aliinuka kwenye kiti chake, kisha akakaa tena kwa sababu hakujua aende wapi.

"Niko njiani nakuja hapo," alisema Fundi Sauti. "Usiponifungulia nitakaa nje ya geti hadi asubuhi, tutakwenda wote. Sikuombi urudi. Nakuomba kitu kimoja. Lile neno la mwisho ulilosema siku ile, liseme tena. Nakusikiliza."

Chiriku alishika simu kwa mikono miwili. Ule wa kushoto ulimuuma, hakujali.

"Naogopa," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, mbele ya kaka yake, na wifi yake, na runinga iliyokuwa bado inawaka, na hakuna aliyecheka.